Mama Mkwe Wangu Yuko Kwenye Kikundi cha Kuacha Pombe

Mpendwa Mama Asekenye, naomba unisaidie, na kabla hujasoma zaidi tafuta kiti ukae, maana mimi mwenyewe hadi leo sijakaa sawasawa.

Mimi ni mchuuzi wa ng'ombe hapa Ngora, shule niliiacha darasa la tano lakini dunia nimeisoma yote, Juba nimefika, Kigali nimefika, Nairobi niliibiwa kofia na nikaondoka na kofia nzuri zaidi, na kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya ulezi, nikishika mrija wangu asubuhi siuachi mpaka wenye chungu waombe radhi, halafu nashushia waragi, ile pombe kali ya chupa, na sijawahi kuanguka, nalala tu. Mwezi uliopita nikatapika damu. Nesi akanibonyeza tumbo akasema, "Mzee Odeke, ini limekuwa gumu kama kwato. Ukiendelea, Krismasi utaisikilizia chini ya udongo." Nikamuuliza dawa iko wapi, akasema dawa yako ni watu, kuna kikundi cha walioacha pombe, wanakutana Jumamosi saa tisa pale shule ya msingi, darasa la tatu, kingine kiko mbali ambako kwa hali hii sifiki kila wiki.

Nikaenda, tena kwa suti. Mlangoni nikamkuta Ikwap fundi cherehani, ambaye zamani tulikunywa hadi akamshonea mtu suruali ya mguu mmoja. Akapiga kelele, "Ala! Odeke, hata wewe? Tulidhani pombe ndiyo inakuogopa!" Nikamjibu, "Nyamaza, nimekuja kuwakagua tu." Wakacheka, nikacheka, viti vimepangwa duara, nikakaa, nikainua macho, na mbele yangu kabisa, Mama, ameketi mama mkwe.

Mama mkwe! Ambaye miaka kumi na tisa sijamtazama usoni, sijala naye, akija kwangu natokea mlango wa nyuma, kama desturi yetu Wateso inavyotaka! Mama wa kanisa! Niliganda kama ng'ombe aliyeona treni. Nikangoja atoke, maana mkwe mwenye haya angetoka, lakini wapi, alinyanyua kiti chake, akakigeuzia ubaoni, akanipa mgongo, akasema kwa sauti ndogo, "Naitwa Kevina, mimi ni mlevi, leo ni miezi kumi na mmoja sijaonja." Jina ambalo sijawahi hata kulitamka! Kisha akasema Krismasi iliyopita mkwe wake, mtu mwenye moyo mkubwa, alimpelekea madumu mawili ya waragi, akashinda nayo jikoni siku nzima akilia, jioni akayamwaga chooni.

Mama Asekenye, mkwe huyo ni mimi. Kila Krismasi nilipeleka, na nikajisifu kijiji kizima kwamba nani anampenda mama mkwe kama mimi.

Nilitoka mbio. Wiki mbili sasa sijarudi, na pombe nimeionja mara mbili. Mke wangu hajui kitu. Je, nimtume akamwambie mama yake aache kwenda, au nife tu kwa heshima?

Mkwe Mkimbizi

Mkwe Mkimbizi,

Kwanza, majina yote nimeyabadilisha, hata la mji, kwa sababu uliniandikia ya kweli, mropokaji wee! Ya kwenye duara lile hayatoki mlangoni. Mama mkwe wako anajua hilo: wiki mbili zimepita na binti yake hajasikia hata neno.

Pole kwa damu. Na hapo kwenye madumu nilivua miwani nikaipangusa. Ulitoa kwa upendo, hukujua. Sasa unajua. Mwaka huu peleka sukari na kitenge.

Ila hilo la "mwenye haya angetoka" limenitoa pumzi. Atoke aende wapi? Nje ya darasa lile kuna chungu kila kona! Unataka kumnyang'anya mama wa watu mahali panapomweka hai, ili wewe usione aibu? Shindwa! Wewe uliyefika Juba ulikosa akili ya kugeuza kiti. Yeye aliipata papo hapo. Desturi ameilinda, nafasi yako ameiacha wazi, na ameongea mbele yako jambo ambalo mama mkwe hajawahi kumsikilizisha mkwe wake tangu Teso iwe Teso. Ukakimbia.

Sasa fanya ninavyokwambia. Leo, si kesho, rudi kwa nesi umwambie umeonja, na uache pombe huku anakuangalia, maana mwili uliozoea ukikatiwa ghafla huweza kukuangusha kwa kifafa. Mke wako mweleze habari za ini lako. Za mama yake si zako kuzisema. Kisha mwone yule fundi cherehani kabla ya Jumamosi, mwambie viti viwili vipeane migongo. Hatakucheka, na akikucheka vumilia, umewacheka wangapi?

Saa tisa ingia, kaa, tazama mlango. Zamu yako ikifika taja jina lako, useme umeonja mara mbili, na useme yale ya madumu, maana anayepaswa kuyasikia atayasikia. Ukimaliza, ukasikia nyuma yako mtu anapiga makofi polepole, peke yake, usigeuke.

Mama Asekenye