Kijiji Kwanza, Umri Baadaye

Jumatatu, 3 Machi 2025

Skripti yangu ya kompyuta imekubali! Wiki mbili nimepekua orodha ya wakimbizi kwa macho, jina kwa jina. Sasa naandika tu ./orodha.sh Kamanyola — wa kijiji cha Kamanyola wote wanatokea kwenye skrini, pamoja na nyumba zilizowapokea hapa Uvira. Sévère, mwenzangu wa meza moja katika ofisi hii ya misaada, alishangilia kuliko mimi. Nikamfundisha: neno linalofuata jina la skripti ndilo $1, linalofuata hilo ndilo $2. Akaomba hilo la pili liwe umri. Eti iko vijana wanapaswa kurudi masomo, dada Capitoline. Kwa nini nikatae? Miaka minne tunakula sombe sahani moja.

Jumatano, 5 Machi

Tayari. Kijiji kwanza, umri baadaye. Nimemwachia mashine mchana kutwa ajizoeze. Najisikia injinia!

Ijumaa, 7 Machi

Wenye silaha wameingia Rugenge, mtaani kwetu, asubuhi, wanachukua vijana wa kwenda kupigana. Hawakupita kila mlango. Nyumba hii, wakaruka tatu, nyumba ile. Kwa jirani yangu Mama Noella wamemchukua mpwa wake Pontien, aliyetoka Kamanyola majuzi. Hajatoka hata uani! Mama Noella analia, anauliza walijuaje jina lake. Miye sikumwambia muntu, anasema.

Aliniambia mimi. Nikaandika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekuja ofisini peke yangu. Nimebonyeza mshale wa juu, ule unaorudisha amri zilizopita.

./orodha.sh Kamanyola 18
./orodha.sh Kamanyola 19
./orodha.sh Katogota 18
./orodha.sh Katogota 19

Si mimi niliyeziandika. Labda kweli alitafuta wanafunzi — nilijidanganya hivyo dakika nzima. Nikafungua faili lenyewe. Frédéric, mdogo wake Sévère, miaka kumi na tisa, wa Katogota. Nilimwandika kwa mkono wangu. Hayumo! Sévère alimfuta kwanza, ndipo akaendesha skripti.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nina hasira, na aibu pia.

Wa miaka kumi na saba bado hajawatafuta. Nimeandika rm orodha.csv, faili lifutike. Sijabonyeza Enter. Nakala nyingine hatuna, na Jumatatu ni siku ya kugawa unga: familia mia nne zitaitwa kwa majina haya haya.

Mlango wa nje umefunguliwa. Ni Sévère. Anaita: weye uko mu ndani, dada? Nimekuletea chai —