Kilomita Elfu Saba na Mia Tano

Jumapili. Tunduma imeamka na baridi, upepo unaingiza vumbi la malori mpaka sebuleni. Sikwenda kanisani. Nilishindwa hata kutafuta kitenge cha kuvaa.

Jana nilimsindikiza mdogo wangu Ezekia uwanja wa ndege, anarudi London. Alikuja kumzika Baba.

Niandike ukweli, maana nimeubeba wiki tatu.

Baba alipozidiwa kule nyumbani Ikinga, Ileje, Ezekia alinipigia. "Dada, nije?" Nilishaangalia kwenye simu: London mpaka Dar ni kilomita elfu saba na mia tano hivi. Ukibadilisha ndege njiani, saa kumi na saba. Ongeza ndege ya kuja huku kwetu, ongeza gari la kupanda Ileje. Siku mbili, basi.

Nikamwambia, "Safari yenyewe ndefu, mdogo wangu, utajichosha bure. Baba anaendelea vizuri."

Hakuwa anaendelea vizuri. Alikuwa hamezi hata uji.

Nilikuwa na wivu. Mimi ndiye niliyemgeuza Baba kitandani, nikamfulia, nikafunga duka langu la vitenge mwezi mzima. Nilijua Ezekia akitokea tu, majirani watamkimbilia yeye na mimi nitarudi jikoni kupika. Nilitaka siku chache Baba awe wangu peke yangu.

Simu hiyo ilikuwa Jumatatu. Baba alifariki Alhamisi alfajiri. Ezekia angeondoka siku ileile, Jumatano angekuwa amemshika mkono.

Msibani Ezekia alimwambia kila mtu, "Umbali ndio ulioniponza." Watu wakatikisa vichwa, wakamhurumia. Nami nikatikisa changu.

Jana, njia nzima kutoka hapa, alikuwa anajilaumu. Kwa nini alikwenda kuishi mbali hivyo. Kwa nini hakupanda ndege bila kuuliza. Tulipofika nikazima gari, nikamwambia yote. Wivu nao sikuuficha.

Hakunifokea. Alifungua mkanda wa kiti. 

Kisha akauliza, "Baba alijua kwamba siji?"

Ningeweza kudanganya tena. Pale ndipo ningedanganya kwa urahisi kuliko popote.

"Hapana," nikasema. "Nilimwambia umeshapanda ndege. Kila alipoamka alikuwa anauliza umefika wapi."

Ezekia alishuka, akachukua begi lake mwenyewe, akaingia ndani. Hakugeuka.

Sasa ni usiku, atakuwa ameshafika. Nimepiga mara mbili, simu inaita tu. Simlaumu. Nitaendelea kumpigia, na asipopokea kabisa nitapanda ndege mimi, nizihesabu hizo saa kumi na saba moja baada ya nyingine, nikambishie hodi mlangoni kwake.