Mbele ya Ndege, kwa Mwendo wa Mguu

Jumatatu, 4 Septemba 1995
Nimefagia njia ya ndege tangu alfajiri. Wanawake wa mtaa wameanika tena mihogo juu ya lami. Mawe ya kukandamizia maturubai wameyaacha palepale. Nimegombana nao, bure. Wana njaa. Mimi pia.

Jumanne, 5 Septemba
Charlotine, mke wangu, ana maumivu. Mimba ya miezi minane. Mama mkwe amehamia kwetu. Binti yetu Sylvie nimempeleka kwa dada yangu.

Jumatano, 6 Septemba
Damu. Daktari yupo, dawa ya usingizi hakuna, hawezi kumpasua. Gari la hospitali halina mafuta. Kesho ndege ndogo ya misheni inaleta chanjo, kisha inarudi Lubumbashi. Nitamwomba rubani, Commandant Sangwa. Naogopa sana.

Alhamisi, 7 Septemba
Sangwa amekubali. Ameng'oa viti vya nyuma, tukamlaza Charlotine sakafuni, kichwa kimeinuliwa juu ya begi, macho kwenye kioo cha mbele.

Kutoka kibanda cha abiria hadi pa kurukia ni mbali. Kazi yangu ni kutangulia ndege kwa miguu nikiokota mawe na kumwonyesha rubani mashimo. Rubani haoni chini ya pua ya ndege. Panga linalozunguka mbele huvuta kokoto, likaharibika. Gurudumu likiingia shimoni kwa kasi, limevunjika. Miaka tisa nimewaeleza hayo abiria wenye haraka, tena kwa majivuno.

Leo nilitaka kukimbia. Niligeuka, nikampungia Sangwa mkono aongeze mwendo. Akafungua kidirisha, akapiga kelele:

"Kaka, gurudumu ikivunjika, hataenda hata kesho! Tembea!"

Nikatembea. Mifuko ilijaa mawe. Mama mkwe alinifuata pembeni akilia:

"Mukwe, uko natembea sawa vile tuko napeleka maiti! Mutoto wangu iko nakufa!"

Watu wote walisikia. Nilimchukia Sangwa. Niliichukia miguu yangu. Tulipofika mwisho nilikaa pembeni kwenye majani, ndege ikaruka.

Jumamosi, 9 Septemba
Ujumbe umefika kwa fonia, redio ya misheni. Charlotine amepasuliwa, mzima. Mtoto, mvulana, amekufa.

Mama mkwe hasemi nami.

Jumatano, 13 Septemba
Sijalala vizuri. Nahesabu hatua.

Alhamisi, 14 Septemba
Sangwa amepita. Nilimuuliza: tungeenda mbio, mtoto angepona? Nilitaka aseme hapana. Alisema hajui.

Kisha nikatangulia ndege yake mpaka mwisho, mwendo uleule. Nililia njia nzima. Nilikuwa nimempa mgongo, hakuona.

Jumapili, 24 Septemba
Charlotine amerudi jana kwa lori. Amekonda. Mtoto amezikwa kulekule Lubumbashi, yeye mwenyewe hakuweza kusimama kaburini.

Leo baada ya misa tulikaa uani. Nilimwomba msamaha kwa ule mwendo. Nilisema yote, hata kwamba namwogopa mama yake. Aliweka mkono juu ya kidonda.

"Baba Sylvie, miye nilikuwa naona mugongo yako tu. Nilisema: akikimbia, njo maana yake niko nakufa. Haukukimbia."

Mama mkwe alikuwa mlangoni, amesikia. Alivuta kiti, akakaa upande wangu.