Baba Ameiona Rangi Niliyopaka kwa Siri

Mpendwa Mama Nevena,

Naomba unisaidie, maana nimebakiwa na siku tatu tu na kichwa kimegoma kufikiri. Naitwa Zornitsa, nina miaka thelathini na sita, ni fundi rangi hapa Kazanlak, na si fundi wa kubahatisha, nasema hivyo bila haya kwa sababu nimeshika brashi miaka ishirini na aliyenishikisha ni baba yangu, Mzee Stamen, ambaye nusu ya nyumba za mtaa wetu ni mkono wake, na hakuna mwingine katika bonde hili lote anayeweza kuvuta mstari chini ya dari kwa brashi tu, bila rula, bila utepe wa gundi, ukauangalia ukadhani umepigwa kwa mashine.

Tatizo ni rangi. Baba ni mtu wa rangi ya mafuta na tapentaini, ile ambayo ukiipaka leo wenye nyumba wanahamia kwa ndugu zao wiki nzima, na kwake yeye isiponuka haijapakwa. Lakini wateja wamebadilika, Mama Nevena, alianza mama mmoja mjamzito, akafuata daktari wa meno, wakaja vijana waliorudi kutoka Ujerumani, na siku hizi hapiti mteja asiyeuliza kama tunayo ile isiyotoa mvuke mbaya, yenye alama ya mazingira kwenye ndoo, na baba huwajibu papo hapo, "Hayo ni maji ya kuoshea vyombo. Kama mnaogopa rangi, kaishini hemani!" Wanaondoka, mimi nabaki nimeshika ngazi.

Na kuna jambo ambalo nyumbani hatulisemi. Baba hasikii harufu. Mwezi wa tano, wakati wa kuvuna waridi, mji mzima unaponukia mpaka mbwa, tulipita shambani kwa jirani asubuhi na nikamsikia akimwambia, "Mwaka huu zinanukia kweli," nami nilijua anasema kwa kukariri, kwa sababu wiki hiyohiyo maziwa yaliungua jikoni nyuma ya mgongo wake naye akaendelea kusoma gazeti.

Sasa sikia nilichofanya. Mwezi wa saba alikuja Bi Kalina Vuteva, mwalimu mkuu wa chekechea, akasema, "Watoto wangu hulala mchana pua zikiwa karibu na ukuta. Nataka kuta nzuri, na sitaki wavute sumu." Baba akamwambia, "Basi tafuta mpishi, mimi ni fundi." Nikamfuata yule mama mpaka nje, nikamwambia kazi nitaifanya mimi, na nyumbani nikasema naenda Stara Zagora kumuuguza shangazi Radka aliyepasuliwa nyonga, wakati shangazi Radka nyonga zake zote mbili ni nzima kuliko zangu. Kwa siku tisa nililala kwa rafiki yangu na kupaka vyumba sita peke yangu kwa rangi ya maji, ile safi kabisa, nikapiga msasa kama nilivyofundishwa, nikapaka hata nyuma ya mabomba ya kupashia joto ambako hakuna anayeangalia. Watoto walirudi Jumatatu, na hakuna aliyekohoa wala aliyelalamikia kichwa.

Ninaona aibu kuandika hili, lakini najivunia. Nikipita pale huzunguka makusudi ili nipite tena.

Wiki mbili baadaye baba yuko kwa kinyozi, kinyozi akamwambia, "Stamen, mke wangu kila siku ananionyesha picha za chekechea kwenye simu. Si picha za mtoto wetu, za kuta! Binti yako katuroga." Baba akainuka na povu shavuni, akaenda moja kwa moja chekechea. Bi Kalina ndiye aliyenisimulia. Anasema hakusalimu mtu. Aligusa ukuta kwa mgongo wa mkono, akapiga magoti, na umri wake ule, akachungulia nyuma ya bomba, akauliza, "Huku nyuma kapaka nani?" Bi Kalina akajibu, "Binti yako." Akasema, "Najua ni binti yangu," akaondoka. Tangu hapo ni siku ya nane hajanisemesha, anakula supu yake ya maharage anatoka uani.

Na hapohapo hospitali imenitafuta, mimi kwa jina langu. Muuguzi mkuu ana mjukuu pale chekechea, na wanataka wodi ya watoto ipakwe chumba kimoja kimoja, watoto wakihamia upande wa pili wa ukumbi tu, kwa sababu kwa rangi ya zamani ingebidi wodi ifungwe na wagonjwa wapelekwe mji mwingine mbali na mama zao. Wanataka pia mstari wa buluu kuzunguka kuta zote. Mstari ule ni wa baba. Jibu wanalitaka Jumatatu. Nikikubali nikaleta mafundi wa Sofia, nitakuwa nimemzika baba akiwa hai, nikimwomba atanifukuza, nikikataa nitajichukia. Nifanye nini?

Zornitsa S., Kazanlak

*

Zornitsa binti yangu,

Barua yako ilinifikia Ijumaa, gazeti linatoka Alhamisi, nawe ulikuwa na mpaka Jumatatu tu. Ndiyo maana nilikupigia simu. Umeniruhusu niwaeleze wasomaji niliyokuambia na yaliyotokea, basi vumilia kusikia tena.

Kwanza nilikugombeza, na bado nakugombeza. Mwanamke mzima, fundi wa miaka ishirini, unamsingizia shangazi yako ugonjwa kama mtoto anayetoroka shule! Ungemwambia baba yako, "Naenda kupaka chekechea kwa rangi yangu, kasirika ukipenda." Angekasirika. Wazee hukasirika, halafu hula chakula cha jioni.

Pili, kuhusu pua yake umenyamaza kwa heshima, nami sioni heshima hapo. Mtu aliyekaa miaka arobaini ndani ya mvuke wa tapentaini ambaye hasikii harufu anahitaji daktari, na nyumba yenye jiko si salama kwa asiyesikia harufu ya kuungua. Mpeleke akapimwe pua na mapafu, hata akinung'unika njia nzima.

Kisha nilikuuliza, kwa kukutega kidogo, kama una hakika na hiyo rangi yako au unafuata fasheni. Hapo ulinikatiza! Ulinieleza kwamba kutonuka si ushahidi, kwamba zipo zinazoficha harufu tu huku mvuke ukitoka palepale, na kwamba wewe husomi alama ya mbele, unasoma namba na cheti vilivyo nyuma ya ndoo kabla hujaifungua. Ulisema kwamba kwenye kuta za zamani hukwangui rangi kavu bila barakoa, kwa sababu huko chini hujui kuna nini. Dakika tano nzima hukusita hata neno moja. Nikajiambia, anayezungumza hivi hajamwibia baba yake kitu chochote.

Nikakupa kazi: Jumapili kabla ya chakula cha mchana uweke ndoo moja mezani uani, mbele yake. Usihubiri, usimtake akiri kuwa alikosea. Sema uongo wako ulikuwa uongo, halafu mwambie unauhitaji mkono wake.

Jumapili jioni ukanipigia, na nilikusikia unacheka na kulia kwa wakati mmoja. Uliweka ndoo kati ya pilipili za kuchoma na jibini. Mzee akaitazama, akamega mkate, akauliza, "Nyonga ya Radka imepona?"

Ukaanza kusema, "Baba, naomba unisamehe, kuhusu shangazi..."

"Nilimpigia siku ya pili," akasema. "Alikuwa harusini anacheza horo. Nilisikia ngoma. Nikamwambia, kwa mtu aliyepasuliwa unajitahidi sana."

Alijua! Siku saba zilizobaki alijua uko wapi na unafanya nini, na hakuja kukuzuia. Ulipomuuliza kwa nini basi alinuna siku zote hizo, akaweka mkate chini.

"Nilikuwa nasubiri uniite nikaone. Kinyozi ameona. Mke wa kinyozi ameona. Mimi niliyekufundisha, nimejifungulia mlango mwenyewe kama mkaguzi."

Wasomaji wangu wanaodhani ukimya wa mzazi siku zote ni hasira, hapo msome tena. Na wewe Zornitsa, huyo baba hukumuumiza kwa rangi. Ulimuumiza kwa kumnyima nafasi ya kusimama katikati ya kile chumba na kukisifu.

Kilichofuata wewe unakijua kuliko mimi. Alifungua ndoo, akachovya brashi, akapaka mlango wa ghala. Mkala. Baada ya chakula akarudi, akaukwangua kwa ukucha, akasema, "Inashika." Akazunguka mlango. "Ila inakauka haraka mno. Mstari wangu itabidi niuvute kwa pumzi moja, nipate brashi ndefu zaidi." Hukuwa hata umemwambia kuhusu hospitali. Ulipomwambia, swali lake lilikuwa moja: ukumbi una mita ngapi?

Jumatatu ukawapigia hospitali ukakubali. Jumatano mlianza chumba cha kwanza, vitanda vinne, na wagonjwa wenu wako ng'ambo ya ukumbi na mama zao, hakuna aliyepandishwa gari kwenda popote. Muuguzi mkuu amenithibitishia mwenyewe, na ameongeza kwamba Mzee Stamen huwasimamisha madaktari mlangoni na kuwaambia, "Vuteni pumzi. Mnaona? Hakuna kitu! Binti yangu huyo." Mtu aliyeita rangi ile maji ya vyombo! Usimkumbushe. Mwache aitangaze kama vile aliigundua yeye.

Sasa nisikilize, kwa maana sijamaliza nawe. Mkataba usaini wewe, jina lako litangulie, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma vyeti na wewe ndiye watakayemuuliza mambo yakiharibika. Baba yako awe fundi wa mistari, alipwe kama bwana. Wateja wapya wakija, waeleze wewe, yeye akae pembeni amenuna kwa madaha. Kazi zitakuwa nyingi, watu wamechoka kukimbia nyumba zao wenyewe kwa sababu ya kuta, hivyo tafuta msichana mmoja mwenye mkono mtulivu umfundishe, umwonyeshe na nyuma ya mabomba.

Na ile aibu uliyoniandikia, ya kujivunia, sitaki kuisikia tena. Aliyepaka vyumba sita kwa siku tisa peke yake, watoto wakalala humo kwa amani, hana cha kuomba radhi. Mgeni akiingia wodini akauliza hii ni kazi ya nani, usimwangalie baba yako. Jibu.