Kiti Yenye Tantini Alikukalisha

Mama Kabedi,

Ile kiti yenye tantini, shangazi yangu, alikukalisha, nimeipasula. Kuni yake tulipikia bukari, ugali yetu. Hii njo habari ya kwanza. Unajua minye na kalamu ya bic hatupatane, ulikuwaka unacheka maandiko yangu. Basi, cheka.

Mwaka inapita tangu tulikuzika, na sikuandika. Juu ya haya na aibu. Haya yangu kwanza, ya bengine kisha.

Yule mutu wa mutaa ya Panda bado iko pale pale. Blouse mweupe, lunette pa macho, bantu banamuita docta. Docta ya nini? Ku lopitali alikuwaka anapanguza chini. Anatosha mimba, anazitoa nyuma ya rido, pazia tu, na kachuma kenye anapanguza na kitambaa ya lunette yake. Njo usafi yake yote.

Ulienda kwake juu uliogopa. Balishakupasula tumbo mara mbili mu kuzala, na sage-femme, mukunga wa lopitali, alituambia sisi babili: mimba ingine ingojee, kuna dawa ya kupanga uzazi. Minye nikacheka. Nikasema batoto habahesabiwe kama mifuko ya saruji. Mwenye akili kabisa! Mimba ikaingia. Ukaogopa kisu, ukaogopa na minye. Hukuniambia kitu.

Kisha damu. Na homa. Na tantini yangu akashuka ku bisi ya Kapolowe, na sakoshi yake, na kinywa yake. Damu ya mwanamuke yenye haisimame, akasema, ni ya uzinzi. Ataje bwana mwenye alilala naye, itasimama. Akakukalisha pa kiti, akafunga mulango. "Taja!" Siku muzima. Bamama ba kanisa banaimba inje, pasta anaitika amina. Na minye, mubeba mifuko wa kiwanda ya Shituru, mikono nguvu, nikasimama pale nangojea jina. Nilitaka kuisikia, Mama Kabedi. Hapo njo sijisamehe.

Ulisema: "Baba Kabedi, jina ni yako. Hakuna ingine. Nipeleke."

Tantini: "Anaficha."

Nikakupeleka kesho yake asubui. Ulikata roho kabla bakupatie kitanda. Sage-femme akainua kikwembe yako, akaniangalia sawa uchafu. "Jana mulikuwa munafanya nini?" Nikajibu tulikuwa tunaomba.

Pa matanga pasta akahubiri zambi yako. Yangu hakuisema. Kisha akakula kuku, mapaja yote mbili.

Sasa sikia. Wiki yenye ilipita nilitoka ku kazi muchana, nikafika nyumba. Mudogo yako Kapinga, mwenye analelea batoto tangu uliondoka, iko pa ile kiti, damu mu miguu. Alitoka kwa yule wa lunette. Kwa yule yule! Tantini iko mbele yake, kidole juu: "Taja!" Na Kabedi wetu anaangalia, sawa ile siku.

Nikamuambia: "Tantini, siku utajikata na kisu, taja jina ya bwana yako, tuone kama damu itasimama."

"Unanitukana?"

"Ndiyo."

Nikabeba Kapinga ku mugongo mpaka barabara, tukapanda pikipiki.

Ku lopitali balimusafisha kizazi. Ile sage-femme bado anakumbuka sura yangu. Akanifundisha sawa mutoto wa masomo ya primaire. Mimba ingali mudogo, inatolewa na dawa, ao na pompe ya mukono yenye inavuta, na mutu mwenye alisomea, na byombo bisafi. Hapo hatari ni kidogo. Kachuma ya yule mujinga inatoboa kizazi, ao inaacha kipande ndani, kipande inaoza, bubaya inaingia mu damu. Alama ni hizi: damu inajaza bitambaa bibili mu saa moja, homa, harufu mubaya, tumbo nguvu sawa ubao. Ukiona moja tu, kimbia lopitali. Hata mutu alifanya kwa kujificha, aseme kweli pale, juu bamuponyeshe. Jina ya bwana habaiulize.

"Na bibi yako," akasema, "na tumbo yenye balipasula mara mbili, ungemuleta mapema, kabla aende kwa yule. Tungemuona na munganga, tutafute njia."

Nikamuuliza juu ya nini hakuniambia mapema.

"Nilikuambia mujiangalie. Ulicheka."

Kapinga iko muzima. Anatukana namna napika samaki. Tantini alirudia Kapolowe, anasema balinirogea. Muzuri, abakie kule na dawa yake ya kinywa. Kabedi anajua zile alama zote ine, anazisema mbio kuliko hesabu ya masomo.

Lala, bibi yangu. Nakuapia: mu hii nyumba mwanamuke akitoka damu, mulango itafunguliwa. Mwenye alimupatia Kapinga mimba, sikumuuliza ni nani. Sitauliza.

Weye ulinitajia, na nikangojea ingine. Haikuwa ingine. Jina ni yangu.

Baba Kabedi