Kutu Chini ya Zulia

Derby, 7 Machi 1993

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Goti lako linasemaje baada ya baridi ile? Na paka wa jirani bado anakojolea mlango wa gereji yako? Mimi ni mzima, ila wodi imenichosha. Wiki hii watoto wanazaliwa kama wamepeana miadi.

Nina jambo, usicheke. Nataka kununua gari la spoti la zamani. Ndiyo, mimi. Tangu nianze ukunga nimeendesha vigari vya busara, vyenye nafasi ya mifuko ya sokoni na mwavuli. Sasa nina miaka arobaini na mmoja, Roger ameshaniacha akaondoka na kochi lake, na ninataka kitu chenye viti viwili na paa la turubai, kisicho na faida kwa mtu yeyote. Nimeona tangazo la Lanner ya mwaka 1968, ya kijani. Wewe umekuwa nazo tatu, tena ni katibu wa chama cha wenye magari hayo. Mimi sijui hata boneti yake inafungukia upande gani. Niambie nitazame nini.

Mwanao,
Hilary

*

Pickering, 11 Machi 1993

Mwanangu Hilary,

Nashukuru kusikia u mzima. Goti linauma, paka anakojoa, mimi napumua.

Sikucheka. Nilipiga mluzi jikoni mpaka chai ikapoa. Sasa nisikilize, maana biashara hii imejaa watu ambao ukipeana nao mkono inabidi ukaoge.

Lanner haifi kwa injini. Injini hata ikizimika utaifufua. Inakufa kwa kutu, na kutu huanzia usikoona. Mwache mwenyewe aisifu injini, wewe piga magoti. Inua mazulia. Bonyeza sakafu kwa dole gumba. Beba sumaku ndogo, uifunge kitambaa, uipitishe chini ya milango. Ikishika, hilo ni bati. Ikianguka, hiyo ni puti, ule udongo wa kuzibia mashimo, na puti haijawahi kuzuia gari lisikatike. Ukikuta chini kumepakwa lami mpya nyeusi inayong'aa, aga uondoke. Hakuna mtu anayepaka lami mpya chini ya gari analotaka kuliuza ila anaficha kidonda.

Usiende siku ya mvua, gari bovu likilowa hupendeza kama bibi harusi. Ukifika, gusa boneti. Kama ni ya moto, ameliwasha mapema ili usisikie linavyokohoa asubuhi. Usinunue la kwanza. Usitabasamu. Nenda na mtu asiyependa magari, akushike mkono.

Wauzaji wa siku hizi wananitia kinyaa. Majuzi mmoja alikuja chamani na gari alilolijaza lile povu la kuzibia madirisha, halafu akakaa akala keki yetu. Nikamwambia Ted, mwenzangu wa chamani, "Huyu angemuuza mama yake akishampaka rangi."

Nipe habari.

Baba yako

*

Derby, 3 Mei 1993

Baba mpendwa,

Natumaini goti limepata nafuu na jua hili. Mimi sijambo, sijambo kabisa, kwa sababu nimelinunua!

Najua. Lilikuwa la kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha. Boneti ilikuwa ya moto. Nilitabasamu tangu getini. Mwenyewe ni Bwana Cedric Vane, mtu wa tai ya hariri na sauti ya taratibu. Alinikaribisha ndani, mkewe akaleta keki ya limau. Nilipotoa sumaku yangu akacheka polepole, akasema, "Bibi, hili ni gari la familia." Nikaona haya, nikairudisha mfukoni. Haya, Baba! Mimi, mkunga!

Lakini Jumapili nililiendesha mpaka Matlock nikiimba, na wazee kwenye kituo cha basi wakanipungia mkono. Mvua ikinyesha, ndani kunanuka kama mbwa aliyelowa, ila nadhani ni turubai.

Mwanao mwenye furaha,
Hilary

*

Pickering, 6 Mei 1993

Hilary,

Goti halijambo. Hongera.

Inua zulia.

Baba

*

Derby, 19 Juni 1993

Baba,

Salamu. Sijui kama mimi ni mzima.

Sikuinua zulia. Niliogopa. Jana usukani ulianza kutetemeka, nikalipeleka kwa Colin Peake, fundi wa karibu na hospitali. Akalipandisha juu, akapita chini na taa. Kisha akaniita. "Njoo uone. Ila kama umetoka kula, subiri kwanza."

Alichomeka bisibisi chini ya mlango, ikazama mpaka kwenye mpini. Akaivuta, likadondoka pande la puti lenye rangi ya kijani upande mmoja. Nyuma yake kulikuwa na magazeti yaliyokunjwa, na nyuma ya magazeti waya wa banda la kuku. Akaendelea kuchokoa. Vikatoka vipande vya zulia vilivyooza, kiota cha panya, panya watatu waliokauka, na mmoja ambaye alikuwa bado hajakauka. Maji ya kahawia yakamchuruzikia Colin kwenye mkono wa shati. Mimi nimepokea kila kinachoweza kutoka ndani ya binadamu, Baba, na nilikimbilia nje.

Colin anasema mbele na nyuma ya gari vinashikana kwa mazoea tu. Ningepiga breki ya ghafla barabara kuu, siku hiyo ndiyo ningejua.

Nilikwenda kwa Bwana Vane. Alisimama mlangoni, na nyuma yake nikaiona leso yake mezani, walikuwa wanakula. "Ulilitazama mwenyewe, Bibi," akasema. "Hukulazimishwa." Kuna chembe za keki zilikuwa zimemshika kwenye masharubu. Kila nikifumba macho naziona.

Mwanao,
Hilary

*

Pickering, 24 Juni 1993

Mwanangu,

Namshukuru Mungu unaandika barua na huandikiwi tanzia. Nimeisoma barua yako nimesimama. Huyo Vane ni funza. Ni funza aliyevaa tai. Nimemsimulia Ted, ametema mate kwenye ndoo ya makaa.

Sasa tuongee kama watu wazima. Usilipeleke kwenye chuma chakavu, utapoteza kila kitu. Mimi nitakuja na bati, puti kidogo na mkebe wa lami. Siku mbili zinanitosha. Tutalitangaza huko huko. Usinikunjie uso. Haya magari ndivyo yanavyoishi, kila mtu anamwachia mwenzake, na atakayelinunua atakuja na macho yake.

Baba yako

*

Derby, 28 Juni 1993

Baba,

Natumaini u mzima. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipofanya utani.

Hapana. Mkebe wa lami? Wewe?

Kesho naenda Cornwall kwa Brenda, wiki mbili. Ufunguo nimemwachia Bi Pargeter wa jirani anyweshe maua. Gari limelala gerejini, nikirudi nitalipeleka kuvunjwa. Mtu asiliguse.

Hilary

*

Pickering, 10 Julai 1993

Mwanangu,

Natumaini bahari imekurudishia rangi. Mimi mgongo unauma, lakini ni uchungu wa kazi nzuri.

Ukifika nyumbani utakuta gereji ni tupu. Usifoke kabla ya kunywa chai. Bi Pargeter alinifungulia bila maswali, mama mwema yule. Nimefanya kazi safi, hata Ted asingeona mshono. Tangazo lilitoka Alhamisi, Ijumaa gari likaondoka. Fedha zako ziko nyuma ya saa ya sebuleni, zote.

Huna haja ya kunishukuru. Sikuweza kulala nikijua lile funza limemla mwanangu.

Baba yako

*

Derby, 9 Septemba 1993

Baba,

Ulipokataa kwenye simu kunitajia uliyemuuzia, ulisema, "Ni mtu mzima, ana macho yake." Sasa namjua. Anaitwa Neil Birtles, anasambaza maziwa. Macho anayo, na huyo ni mtu wa kumwamini kila mzee anayechechemea.

Jumatatu nilikuwa nafungua kliniki ya wajawazito nikaona Lanner ya kijani inaingia uani. Neil akashuka, akazunguka mbio, akamfungulia mkewe mlango. Ilibidi amvute kwa mikono miwili, kwa sababu kiti kiko chini na tumbo ni la miezi minane. Mke anaitwa Joanne. Walipoingia ndani alisoma jina kwenye kifua changu, akapiga kelele. "Hilary Outhwaite! Si wewe uliyetuuzia gari!"

Maana uliandika jina langu, Baba. Ulitia sahihi yangu.

"Baba yako mzee mtamu jamani," akaniambia. "Alitupa chai ya chupa yake, akamfundisha Neil kufunga turubai." Akanikumbatia. Tumbo lake likanigusa, mtoto akapiga teke.

Niliwaambia ukweli wa gari hapohapo ukumbini, watu wote wanasikia. Neil alicheka kwanza. Kisha akaacha. "Mlijua?" akauliza. Nikasema ndiyo. Joanne alikaa kwenye benchi, akashika tumbo, hakunitazama tena. Sasa anahudumiwa na mkunga mwingine, ameomba mwenyewe.

Nimewarudishia fedha zao. Gari lilibebwa na lori mpaka yadi ya chuma chakavu, nami nikafuata nishuhudie. Nilitegemea kishindo. Makucha ya mashine yalipolishika, lilichanika kama mkate uliolowa. Mbele ikabaki chini na usukani wake. Nyuma ikapanda juu na viti vyote viwili. Lami yako ilikuwa bado inanata.

Vane nilimchukia kirahisi, simjui. Wewe ulinifundisha kuvuka barabara.

Usiniandikie mpaka uwe umekwenda kwao ukajitaja kwa jina lako mwenyewe. Wanakaa Mtaa wa Ashlyn, nyumba ya mwisho, mlango mwekundu.

Hilary

*

Pickering, 14 Septemba 1993

Hilary,

Natumaini u mzima. Mimi goti limevimba, hukuuliza.

Umemwandikia maneno mazito mzee aliyepanda treni na bati begani kwa ajili yako. Sikumficha mtu kitu. Nilimwambia yule kijana alale chini atazame, akakataa, alikuwa amevaa shati jipya. Hilo nalo ni kosa langu? Nusu ya magari ya chama chetu yanatembea hivyo hivyo na hakuna aliyekufa. Kama ulitaka fedha zako zioze ungeniambia mapema.

Utapoa, kisha tutaongea.

Baba yako

*

Pickering, 18 Novemba 1993

Hilary,

Sikuulizi afya, sidhani nina haki ya kujibiwa. Barua yangu ya Septemba ilirudi bahasha haijafunguliwa, na ya Oktoba pia. Hii nayo huenda ikarudi. Lakini ulisema nisiandike kabla sijakwenda, na nimekwenda.

Jumapili iliyopita chamani alikuja mgeni, mwalimu, anatafuta gari lake la kwanza. Ted akawa anamwonyesha lile lake jekundu. Mgeni akainama, akauliza mbona chini kumepakwa upya. "Kinga ya baridi, bwana," akasema Ted. Halafu akanitazama juu ya mgongo wa yule mtu, akanikonyeza. Alinikonyeza kama mwenzake. Mate yalinijaa mdomoni. Nikamwambia yule mwalimu aondoke, nami nikatoka, kofia nikaiacha hukohuko. Mtu mwingine ataandika kumbukumbu za chama.

Jana nilifika Mtaa wa Ashlyn. Joanne alifungua, na kichanga begani, wa kike, amelala. Alinitambua, akatabasamu kabla hajakumbuka. Nikasema, "Naitwa Wilfred Outhwaite. Niliwauzia gari nikijua litakatika. Binti yangu alikuwa amenikataza." Nilikuwa na mengine, nimeyarudiarudia ndani ya treni. Hakuyasubiri. Alimfunika mtoto uso kwa blanketi, kama mtu anayemkinga na moshi, kisha akafunga mlango polepole, asimwamshe.

Neil alikuwa kazini. Jumamosi huwa nyumbani. Nitarudi Jumamosi.

Baba