Kijiti cha Mshikaki

Jumatano, Desemba 1994

Eti mgonjwa mmoja hafai kuandikwa. Kiburu changu cha ndizi na maharage kimepoa sahanini kwa hasira niliyo nayo.

Mwanangu Prosper, daktari wa upasuaji ambaye Marangu nzima haina wa kumfikia, alimpasua mzee wa Himo aliyekuwa akitibiwa taifodi bila kupona. Akakuta kijiti cha mshikaki kimetoboa utumbo. Mzee alikimeza harusini, pombe ya mbege imemkolea, wala hakumbuki. Prosper akaandika habari hiyo ichapishwe katika jarida la madaktari, wengine wajue. Mkubwa wake wa kazi akamrudishia: "Subiri wawe wengi."

Wawe wengi? Ng'ombe wa jirani alipokufa kwa majani yaliyopigwa dawa ya wadudu wa kahawa, padri alitangaza Jumapili ileile. Hakungoja zizi liishe. Sasa Krismasi hii watu wanarudi nyumbani kula nyama, na daktari wa Rombo ataambiwa na nani? Naogopa kweli.

"Lakini mama, ni mmoja tu," Prosper akasema, kichwa chini.

"Baba, hata mimi nilizaa mmoja tu. Umewahi kunisikia nikisema si kitu?"

Akaomba bahasha. Kesho anaituma habari yake jaridani mwenyewe, na huyo mkubwa wake aisome ikishachapwa.